Sakafu ya kwanza iwe karatasi

Mtu anapoingia kwangu na nyoka ndani ya foronya, mara nyingi kabla hata hajaketi huwa ameshatoa simu kunionyesha picha ya kizimba. Kizimba kinavutia kweli: mchanga mwekundu, jiwe kama la jangwani, tawi lililopinda vizuri. Kisha ananiambia nyoka ana mwezi hajala. Kazi yangu ni kutibu wanyama watambaazi, na swali langu la kwanza huwa halihusu chakula. Huuliza: analalia nini?

Nyoka hana miguu ya kumwinua. Sisi tukisimama mahali pabaya, ni nyayo tu zinazoumia; yeye mwili wake wote, toka kidevuni hadi mkiani, umelala juu ya hicho ulichomtandikia, saa 24. Hapo ndipo anapopatia joto. Hapo ndipo taya lake la chini linaponasa mtikisiko wa hatua zako. Na kila anapotoa ulimi, anachota harufu za hapo na kuzipeleka kwenye kiungo cha Jacobson kilicho juu ya kinywa. Ndiyo maana mtu akiniuliza habari za tandiko, najikuta namjibu habari za kumtuliza nyoka mgeni, na akiniuliza habari za kumtuliza mgeni, namjibu habari za tandiko.

Nililijua hili kwa kukosea. Nyoka wangu wa kwanza wa mahindi, aina ya Pantherophis guttatus, nilimpokea akiwa mdogo na mwembamba kama kamba ya kiatu. Nilikuwa nimeshamwandalia vumbi la makumbi ya nazi, jeusi, lenye harufu ya msitu baada ya mvua. Wiki ya tatu akaanza kulala ndani ya bakuli la maji mchana kutwa. Nikadhani anaona joto, nikapunguza joto. Akaendelea. Siku nilipompangusa kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikabaki na vidoa vyeusi vilivyokuwa vikitembea. Utitiri. Wadudu hawa hufyonza damu na hujibanza chini ya magamba, hasa kuzunguka macho na chini ya kidevu, na nyoka aliyeshambuliwa hujitosa majini ili kuwazamisha. Walikuwa wameshazaana ndani ya lile tandiko jeusi kwa wiki tatu mbele ya macho yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimekishonea nguo ya rangi yake.

Tangu hapo, kila nyoka mgeni anayepitia mikononi mwangu huanza juu ya karatasi nyeupe ya kufutia, ile ya jikoni. Angalau siku 30. Kama una nyoka wengine nyumbani, fanya 90, katika chumba tofauti, na umhudumie mgeni mwisho, baada ya wenyeji. Karatasi haifichi kitu. Utitiri unaonekana. Kinyesi kinaonekana kama ni kigumu au majimaji, kama kina damu au kamasi. Ule mkojo mweupe mgumu kama chokaa unaonekana. Ukiwa umekauka sana na kubadilika rangi, huenda hanywi maji ya kutosha. Chakula alichotapika usiku hakifukiwi ukakikuta kimeoza baada ya siku tatu.

Najua karatasi si nzuri machoni. Lakini nyoka hajali sura ya chumba chake. Anachotaka ni mahali pa kujificha, na hapo ndipo watu wanapobana matumizi baada ya kumaliza yote kwenye mapambo. Weka maficho mawili yanayofanana, moja upande wa joto na jingine upande wa ubaridi. Likiwa moja tu, nyoka mwoga atachagua usalama na kusahau joto, kisha chakula hakitameng'enywa vizuri tumboni. Maficho yawe madogo kiasi kwamba akijikunja ndani, ubavu wake uguse ukuta. Pango kubwa lenye mlango mpana, kwa nyoka, halina tofauti na uwanja. Kama kizimba ni cha kioo, funika pande tatu kwa karatasi au kitambaa kwa wiki chache, na kunjakunja karatasi nyingine ndani ili atakapopita apite chini ya kitu.

Halafu mwache. Siku saba kamili, bila kumshika, bila kuinua maficho kuchungulia kama bado yupo. (Yupo. Ila kama hukufunga mfuniko vizuri, hapo ni suala jingine.) Kazi yako katika wiki hiyo ni kubadilisha maji na kutoa kinyesi. Siku ya nane mpe mlo wa kwanza, mdogo kuliko kawaida, na ukishaliwa usimguse kwa saa 48 nyingine, kwa sababu nyoka anayeshikwa tumbo likiwa limejaa anaweza kutapika, na kutapika kunamchosha mno. Akikataa, toa chakula, subiri wiki moja, jaribu tena. Wenye Python regius, yule chatu mdogo anayejiviringa kama mpira, wajue kwamba mnyama wao anaweza kususa kwa wiki nyingi akiwa mzima kabisa. Mpime uzito kwa gramu kila wiki mbili. Kususa bila kupungua uzito hakuniondolei usingizi. Akishapoteza kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mlete.

Kabla ya kufikiria tandiko la kudumu, hakikisha joto liko sawa, maana tandiko hubadilisha joto. Mkeka wa joto ulio chini ya kizimba ukifunikwa kwa sentimita nane za makumbi, juu kunakuwa baridi na chini kwenye kioo kunaungua. Nyoka anachimba kufuata joto, analala juu ya kioo kile, na nyoka ni mzito sana wa kuondoka kwenye kitu kinachomchoma. Vidonda vya kuungua tumboni vya namna hiyo nimevifunga bendeji mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Chanzo chochote cha joto lazima kiwe na themostati, kifaa cha kuzuia joto lisizidi, na kipimajoto kiwe pale anapolala, si kilichobandikwa ukutani juu. Nyoka wa mahindi anatosheka na nyuzi 29 hadi 31 upande wa joto. Python regius anataka 31 hadi 33. Ukiwa na tandiko nene, joto la kutoka juu ni rahisi zaidi kulidhibiti.

Sasa tandiko lenyewe. Hapa siulizi lipi ni bora, nauliza mnyama gani. Nyoka wa mahindi anapenda kuchimba vijia na anahitaji ukavu wa wastani, kwa hiyo maranda ya mti wa aspeni yanamfaa sana: vijia vyake haviporomoki. Ubaya wa maranda hayo ni kwamba yakilowa yanaota ukungu upesi, basi bakuli likimwagika, toa yote yaliyolowa siku hiyohiyo. Boa wa mchanga, Eryx colubrinus, yeye ni wa kufukia mwili na kubakiza macho. Mpe kina cha sentimita 10 cha kitu laini. Hata wakati wa karantini mimi humchania karatasi vipande vyembamba, kwa sababu karatasi bapa kwake ni kama kumvua nguo hadharani.

Python regius ndiye anayewatesa wengi. Porini, katika Afrika Magharibi na Kati, hushinda kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, ambako hewa ina unyevu hata juu ya ardhi kukiwa kukavu. Anataka unyevu wa asilimia 60 hadi 80, bila hivyo hujivua gamba vipande vipande na mabaki yakabaki machoni. Watu wakisikia unyevu wanapulizia maji juu ya tandiko asubuhi na jioni, na tumbo linakaa kwenye majimaji hadi magamba yanaoza. Fanya kinyume: tandika makumbi kwa kina cha kutosha, mimina maji kwenye pembe yapenye hadi chini, uache juu kukauke. Chota konzi moja ukamue. Ikishikamana bila kudondosha tone, basi umepatia.

Mwerezi usiuguse kabisa. Ile harufu nzuri ni mafuta yanayowasha mapafu na ngozi, na ndani ya kizimba kilichofungwa hayana pa kwenda. Maranda ya seremala pia nayakataa, kwa kuwa hakuna ajuaye ni mti gani na ulipakwa dawa gani. Mchanga mtupu kwa nyoka wa mahindi na Python regius hauna kazi.

Siku ya kuhama kutoka kwenye karatasi, usioshe kila kitu. Safisha kizimba, lakini maficho yarudishe kama yalivyo, na kipande cha karatasi ya zamani isiyo na kinyesi kizike chini ya tandiko jipya, ili harufu yake mwenyewe imtangulie. Tegemea akose mlo mmoja.

Wangu wa mahindi, alipomaliza miezi mitatu ya karatasi na utitiri ukaisha, nilimhamishia kwenye maranda jioni moja. Alizama palepale. Siku nne sikumwona, na nilijizuia kufukua. Siku ya tano, kando ya bakuli, palikuwa na tundu dogo la duara, na ndani yake ulimi ukitoka na kurudi.