Maneno ya Kiingereza yanayofanana: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Kamusi ikiyapa maneno mawili tafsiri moja, tumia lolote.

Makosa mengi ya wasemaji wa Kiswahili huanzia hapa. "Steal" na "rob" yote utaambiwa ni kuiba, lakini hayafuatwi na kitu kimoja. "Steal" hufuatwa na mali iliyochukuliwa: *they stole my phone*. "Rob" hufuatwa na mtu au mahali: *they robbed me, they robbed the bank*. Aliyeibiwa simu akisema *I was stolen*, amesema yeye ndiye aliyechukuliwa na wezi. Kiswahili nacho hutenganisha kuiba na kuibia, kwa hiyo jiulize kwanza: ningesema "wameiba" au "wameniibia"? Tena "rob" mara nyingi hubeba nguvu au vitisho. Simu ikichomolewa mfukoni kimyakimya, sema *my phone was stolen*.

Kuazima ni kugumu zaidi, maana kwetu kitenzi hicho hutumika kwa anayetoa na anayepokea. Kwa Kiingereza anayepokea hufanya "borrow", anayetoa hufanya "lend". *Borrow me your pen* ni kosa. Sema *lend me your pen* au *can I borrow your pen?*

Dhana: Neno zito huonyesha Kiingereza kizuri.

Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, baadaye na ya mahakama. "Commence" (kuanza) na "purchase" (kununua) yametoka huko, na hadi leo yanafaa zaidi kwenye mkataba au tangazo rasmi. Sokoni nyanya ni za "buy". Na gari huwashwa kwa "start" tu: *begin the car* hakuna asemaye, wala *commence the car*.

Dhana: "Big" na "large" ni mamoja.

Kwa nyumba, sawa. Lakini kaka mkubwa ni *big brother*. *Large brother* ni kaka mwenye mwili mkubwa. Kosa kubwa ni *a big mistake*, ilhali kiasi kikubwa huitwa zaidi *a large amount*.

Dhana: "Less" haikai kamwe na vitu vya kuhesabika.

Kanuni ya darasani inafaa kwa *fewer students* na *less water*. Ila umbali, fedha na muda huchukuliwa kuwa kiasi kimoja, hata vikitajwa kwa tarakimu: *less than 20 kilometres, less than 500 shillings, less than 3 weeks*. Mwalimu asiyakate hayo kwa wino mwekundu.