Wakubwa wa densi ya tumbo hawana wivu na wewe

"Yaya, wale wakubwa wana wivu." Maneno hayo nayasikia kila kundi jipya la wanafunzi wangu hapa Lubumbashi likishazoea ukumbi, na wiki hii nimeyasikia tena, safari hii mbele ya wakubwa wenyewe, yaani wachezaji wa miaka mingi. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo.

Chanzo karibu siku zote ni kusahihishwa. Binti anatoka Kampemba na ari yake yote, amejifunza kwenye video, anatetemesha nyonga kwa kukaza makalio na kusukuma kiuno huku na huku. Dada aliyecheza miaka mingi anamsogelea, anamgusa goti: "Anzia hapa." Binti ananuna. Lakini mtetemo ule wa Kimisri unatoka kwenye magoti: moja linakunjika kidogo, jingine linanyooka, kwa zamu, na nyonga zinafuata zenyewe. Ukiulazimisha kwa kiuno, utachoka kabla wimbo haujafika katikati, na mgongo utakudai usiku. Mwenye wivu angekuacha uendelee hivyo hivyo mpaka siku ya onyesho, watu wakuone.

Kisha kuna kesi ya kikwembe, kitambaa cha kujifunika. Mgeni akishavaa sidiria ya shanga na mkanda wa sarafu, hakai tena nyuma ya pazia. Anapita katikati ya watu, anapiga picha. Mkubwa anamtupia kikwembe ajifunike, naye ananijia: "Anaogopa nitampita kwa uzuri!" Hapana, mama. Katika densi hii mchezaji hujifunika hadi zamu yake ifike, hata akiwa nyota wa usiku huo. Vazi likishazoeleka mlangoni, jukwaani halimshtui mtu. Na yale matoazi ya vidoleni, usiyapige ukiwa umekaa wakati mwenzako anacheza peke yake. Ukiambiwa nyamaza, nyamaza.

Wanapokasirika kweli ni kwenye pesa. Mgeni anakubali kucheza arusini bure, "kwa kupenda tu", wakati mwenzake analipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo hiyo. Mwenye arusi akishapata wa bure hatamwita tena wa kulipwa, na kesho wewe mwenyewe ukitaja bei utachekwa. Hapo niko upande wa wakubwa bila kusita.

Anayedai kwamba mkubwa lazima amwogope chipukizi asome habari za Badia Masabni. Alikuwa mchezaji mwenyewe, akafungua ukumbi wake Cairo mwaka 1926, na Tahia Carioca na Samia Gamal wote wawili walipitia kwenye kundi lake kabla ya kuwa nyota wa filamu za Misri.

Sisemi wakubwa wetu ni malaika. Wapo wanaojitenga pembeni na kumnyima mgeni hata salamu, kwa hoja kwamba ari ya wageni ni moto wa mabua. Ni kweli wengi huacha. Lakini wengine wanaacha kwa sababu hiyo hiyo ya kununiwa, na hilo nimewaambia wahusika usoni.

Mengine niyamalize haraka. Kwamba tumbo lazima liwe bapa: uongo, njoo na tumbo lako. Kwamba miezi mitatu inatosha kuanza kufundisha: utamfundisha nani, na nini?

Kwamba sisi tuna mutuashi, densi yetu ya nyonga ya Kiluba, kwa hiyo nyonga tunazo tayari: nyonga unazo, masikio bado. Mutuashi ya mwimbaji Tshala Muana ina mdundo wake, na maqsum, mdundo wa ngoma za Kiarabu, ina wake: dum tek, tek dum, tek (dum ni pigo zito, tek ni jepesi). Kwangu mgeni anaupiga kwa makofi kwanza, akiwa amekaa kwenye kiti, mpaka aweze kuongea na jirani yake bila kuupoteza. Wengi wanaona nawachelewesha. Anayeona hivyo namuomba asimame acheze na darbuka, ile ngoma ya Kiarabu, peke yake, bila wimbo anaoujua, na kwa kawaida ndani ya dakika moja anarudi kwenye kiti.