Rivolva nyepesi ya safari za miguu: uzito unaoupunguza begani huhamia kiganjani

Wanafunzi ninaowafundisha kulenga shabaha huniuliza mara kwa mara, wanapojiandaa kutembea na shanta porini kwa siku kadhaa, ni rivolva (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka) ipi iliyo nyepesi kuliko zote. Jibu langu huwaudhi kidogo, kwa sababu iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo ninayoiondoa kwanza.

Risasi ya aina moja huisukuma silaha nyuma kwa kani ileile, iwe silaha hiyo ni nzito au nyepesi; kwa hiyo uzito ukipungua kwa nusu, nishati ya teke linalofika kiganjani huongezeka maradufu. Smith & Wesson 340PD, yenye fremu ya aloi ya skandiamu na silinda ya titani, ina uzito wa gramu 340 hivi na hupokea risasi zenye nguvu za .357 Magnum (namba hiyo ni kipenyo cha risasi kwa inchi). Ukiibeba utaisahau, lakini ukiifyatua kwa risasi hizo utaikumbuka siku nzima, na wengi niliowaona wakiijaribu walianza kufumba macho kabla ya kufikia risasi ya tatu. Vivyo hivyo kwa 329PD ya .44 Magnum, ambayo kwa gramu 710 hivi hupiga teke lenye nishati zaidi ya mara moja na nusu ya lile la mwenzake wa chuma cha pua mwenye uzito wa karibu kilo 1.2.

Teke hilo lina madhara mengine ambayo wauzaji hawayataji. Silaha nyepesi inaporuka nyuma kwa kasi, huyavuta maganda ya risasi zilizobaki kwenye silinda, ilhali vichwa vya risasi hizo hubaki nyuma ya mwendo huo na kuanza kuchomoka taratibu. Kimoja kikijitokeza mbele ya silinda, silinda hukwama, na hakuna kufyatua tena mpaka uifungue kwa mkono, kama itakubali kufunguka. Vichwa vya madini ya risasi pekee, visivyovikwa shaba, huathirika zaidi. Kabla ya kuziamini risasi zozote, fyatua zote isipokuwa moja, kisha pima urefu wa hiyo iliyobaki ukiulinganisha na ule ulioupima kabla ya kuipakia, na urudie jaribio hilo mara kadhaa.

Kwa mtu ambaye njia yake haina wanyama wakubwa, napendekeza rivolva ya .38 Special, risasi yenye nguvu ndogo kuliko .357, katika fremu ya alumini, au .357 ya chuma yenye uzito wa gramu 600 hadi 700, ambayo pia hupokea risasi za .38, ingawa .38 haiwezi kupokea .357 kwa kuwa ganda la .357 ni refu zaidi kwa milimita 3 na kitu. Tofauti ya uzito kati ya rivolva hizo mbili ni karibu robo lita ya maji, na sijamwona msafiri akiacha maji nyumbani kwa sababu hiyo. Penye dubu, dawa ya pilipili ya kupulizia iwe karibu na mkono kabla hatujazungumzia bastola yoyote.

Mtutu wa inchi 3 hunitosha: wa inchi 2 hupoteza kasi ya risasi na hufupisha mstari wa kulengea.

Mahali pa kuibebea huamua mengi kuliko chapa. Mkanda wa kiunoni wa shanta hukalia palepale panapokaa ala (mfuko wa kubebea bastola) ya kawaida, kwa hiyo mimi hutumia ala ya kifuani inayofunika kifyatulio chote na kubaki mwilini hata shanta inapovuliwa. Vaa shanta iliyojaa, hakikisha rivolva ni tupu, kisha jaribu kuichomoa mara ishirini kwa mkono mmoja. Ukilazimika kulegeza kamba hata mara moja, badilisha ala kwanza, rivolva baadaye.