Meko makubwa ya ukutani hayaleti joto zaidi

Anayetaka sebule yenye sura ya Uingereza ya kale mara nyingi huchagua meko ya ukutani yenye mdomo mpana kabisa, akiamini kwamba ukubwa ndio joto. Sivyo. Mdomo mpana hufyonza hewa ya chumbani iliyokwisha kupata joto na kuitoa kwa dohani, huku ya baridi ikipenya kwenye nyufa za milango na madirisha kujaza nafasi yake.

Mwaka 1796 mwanasayansi Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, alichapisha insha yenye dawa ya tatizo hilo: punguza kina cha meko, geuza kuta za pembeni zielekee chumbani, kisha bana koo la dohani, yaani mlango wa moshi ulio juu tu ya moto, libaki na upana wa takriban sentimita 10. Kinachotufaa hasa ni joto linalomulikwa na moto pamoja na kuta zake.

Meko mengi ya chuma ya enzi ya Malkia Victoria ni madogo, na huo haukuwa ubahili. Makaa ya mawe huhitaji nafasi ndogo kuliko kuni. Basi ukinunua ya aina hiyo, usitarajie kuyapakia magogo. Na dohani ikaguliwe kabla hujaanza kuchagua marumaru.