“Huyo ni Mwasia, tuanze na mwingine”

Wiki iliyopita nilimwomba mwanafunzi wetu wa uuguzi, binti wa Kisumu, amwandae mama mmoja wa Kihmong, jamii yenye asili ya milima ya Laos na nchi jirani, kwa kipimo cha Pap, kile cha kutafuta dalili za saratani ya shingo ya kizazi. Akalitazama faili, kisha akaninong'oneza: “Dada, huyu ni Mwasia. Kwao hii kitu iko chini. Si tuanze na yule mama wa Goma?”

Nilihesabu hadi kumi. Neno hilo nimelisikia kwa wanafunzi, kwa wakalimani, kwa wagonjwa wenyewe, na mara moja kwa daktari mzima na koti lake jeupe. Mimi ni mkunga hapa St. Paul, Minnesota, mji wenye mojawapo ya jamii kubwa kabisa za Wahmong nchini Marekani. Ningekuwa nawapanga wagonjwa wangu kwa mtindo huo, ningeshawapoteza wengi.

“Waasia hawaugui sana saratani ya shingo ya kizazi”

Nimtendee haki binti wa watu, hakulitunga mwenyewe. Fungua majedwali ya Marekani uutazame mstari wa “Waasia na watu wa visiwa vya Pasifiki”, utaona takwimu za kutuliza roho. Shida ni huo mstari wenyewe. Ndani yake wamo Mjapani ambaye bibi yake alizaliwa Hawaii, Mhindi aliyekuja juzi kwa viza ya uhandisi, na mkimbizi wa Laos aliyekulia kambini Thailand. Ni kama umchukue Mpemba, Mmaasai na Mchaga, utafute wastani wa samaki wanaowala kwa wiki, halafu utangaze kwamba watu wa Afrika Mashariki hula samaki kiasi.

Daftari za saratani za Marekani zilipowatenganisha Waasia kwa miaka ya 1988 hadi 1992, mambo yalijitokeza waziwazi. Katika kila wanawake 100,000, Wajapani waliougua kwa mwaka walikuwa 5.8, Wachina 7.3, Wafilipino 9.6, Wakorea 15.2. Wavietnam walikuwa 43. Wazungu wasio na asili ya Kilatino walikuwa 7.5 na Wamarekani weusi 13.2. Yaani kundi lililokuwa juu kuliko yote kwenye hesabu ile lilikuwa la Waasia, na la chini kabisa nalo ni la Waasia. Wahmong hawakuwa hata na mstari wao. Walipokuja kuhesabiwa peke yao California, walionekana kuugua mara tatu au zaidi kuliko Waasia kwa jumla, na wengi wao walifika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa.

Nilipomweleza hayo, binti akarukia upande wa pili: “Kumbe ni damu ya Wavietnam?” Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu, maana dhana hii ni dada wa ile ya kwanza. Moja inasema damu yao inawakinga, nyingine inasema damu yao inawaponza.

Mwangalie Mvietnam akiwa kwao. Katika miaka ya 1990, wanawake wa Ho Chi Minh, mji wa kusini, waliugua saratani hii karibu mara nne kuliko wenzao wa Hanoi, kaskazini. Taifa moja, lugha moja, wali uleule. Watafiti walipowapima wanawake wa miji hiyo miwili, virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na ndivyo vinavyoleta saratani hii, vilipatikana kwa asilimia 10.9 kule Ho Chi Minh, na asilimia 2 tu Hanoi. Na waliokimbilia Marekani baada ya Saigon, jina la zamani la Ho Chi Minh, kuanguka mwaka 1975, wengi walitoka kusini. Walikuja na virusi walivyoambukizwa kwao, wakitoka mahali ambapo kipimo cha Pap hakikuwa desturi, wakafikia kwenye nchi ambayo hata kuomba miadi kunataka Kiingereza na bima. Kiwango chao hapa kimeshuka sana tangu wakati huo. Damu ipi hiyo inayobadilika ndani ya miaka ishirini?

Wahindi nao wana habari yao. Daftari za India za 2012 hadi 2016 zinaonyesha wilaya ya Papumpare ikiwa na wagonjwa 27.7 kwa kila wanawake 100,000, na Dibrugarh 4.8. Zote ziko pembe ileile ya kaskazini-mashariki. Kwa hiyo hata ukiniambia “Mhindi”, bado hujaniambia kitu.

Swali langu la kwanza kwa kila mwanamke, awe wa Luang Prabang au wa Lubumbashi, ni moja: mara ya mwisho ulipimwa lini? Yule mama wa Kihmong alikuwa na miaka 52 na jibu lake lilikuwa “sijawahi”. Mama wa Goma alikuwa amepimwa miaka miwili nyuma na majibu yake yalikuwa safi. Sasa nani aanze?

“Mimi nina mume mmoja tu”

Hii naisikia kwa Kihmong kupitia mkalimani, naisikia kwa Kikorea, na shangazi yangu wa Tanga huniambia kwa simu. Sawa, hongera. Lakini mume naye alikuwa na maisha yake kabla yako, na HPV inaweza kukaa kimya miaka mingi. Saratani yenyewe huchukua miaka kumi, hata ishirini, kujitokeza. Kupimwa si kukiri dhambi. Kuna mama aliyeomba mumewe na wazee wa ukoo waulizwe kwanza. Sikumcheka, kwetu pia mjomba huulizwa. Nilichofanya ni kumwita mume aingie, nikamweleza yeye.

“Chanjo ilitengenezwa kwa virusi vya Wazungu”

Hapa kuna punje ya ukweli. Aina za HPV namba 52 na 58 huonekana zaidi Asia ya Mashariki kuliko kwingine. Ila 16 na 18 ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani hii duniani kote, Asia ikiwemo, na chanjo inayotumika hapa, inayokinga aina tisa za HPV, inazo hizo 52 na 58 pia. Mpeleke binti yako.

“Naona aibu kuvuliwa, kwa hiyo kwangu haiwezekani”

Inawezekana. Tangu Mei 2024 Marekani imeruhusu mwanamke ajichukulie sampuli mwenyewe kwa kijiti laini akiwa kliniki, kwa ajili ya kipimo cha HPV. Unaingia chooni, unazungusha, unatoka, hakuna aliyekuona. Wenzangu wananitania kwamba ninavigawa hivyo vijiti kama pipi. Wanitanie.

“Nimevuka miaka 65, nimeambiwa niache”

Mwongozo unasema aache aliyepimwa ipasavyo miaka iliyotangulia na majibu yakawa mazuri. Sehemu hiyo ya pili ya sentensi ndiyo inayosahaulika, na inasahaulika zaidi kwa wakimbizi, kwa kuwa kompyuta inaona umri tu na haioni miaka ya kambini. Mama wa miaka 70 ambaye hajapimwa hata mara moja, awe Mhmong, Mkambodia au Mkongo, anapimwa. Kama kliniki yako inakataa, mwambie aliye mezani asome hiyo sentensi hadi mwisho.