Je, wajua kwa nini nyuki hujaa ukungu kadiri unavyomsogezea kamera?

Simu inayorekodi harusi nzima bila dosari hushindwa na nyuki mmoja aliyetua kwenye ua. Ukiuliza sababu, Kisumu au Nakuru, utaambiwa simu yako ni ya bei ya chini, tafuta yenye megapikseli (mamilioni ya nukta za picha) nyingi. Jibu hilo limeuza simu nyingi sana. Kwa video ya mdudu, halifiki mbali.

Hesabu yenyewe ni fupi. Fremu, yaani picha moja kati ya zinazounda video, ya kawaida ya HD ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani kama megapikseli 2. Ya 4K ina kama 8.3. Kwa hiyo simu iliyoandikwa 50 mgongoni huhifadhi video ya megapikseli 2 au 8 tu. Nukta nyingine huunganishwa au kuachwa njiani. Tena simu ghali mara nyingi ndizo zinazosumbua zaidi kwa karibu. Sensa zao, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ni kubwa, na lenzi kuu haiwezi kulenga kitu kilicho sentimita chache mbele yake. Ukiisogeza mno, nyingi huhamia zenyewe kwenye kamera ya pembe pana. Utalijua hilo picha inaporuka upande katikati ya video na petali za njano kubadilika rangi.

Megapikseli zina faida moja ya kweli, nayo haitajwi sana dukani. Rudi nyuma kidogo, kisha chagua 2x, yaani kukuza mara mbili. Katika simu nyingi za megapikseli 48 au 50, hapo hutumika sehemu ya kati ya sensa, na nukta za kutosha 4K bado zipo. Zaidi ya hapo mara nyingi ni kukuza picha tu, hakuna kipya kinachoonekana.

Kinachoharibu video hasa ni wembamba wa eneo linaloonekana wazi. Fikiria chapati iliyosimamishwa wima mbele ya lenzi, uso wake ukiielekea kamera. Kilicho ndani ya chapati huonekana vizuri. Kilicho mbele au nyuma yake ni ukungu. Ukimrekodi mtu aliyesimama ufuoni Dunga, chapati hiyo ina unene wa mita kadhaa, wala huioni. Mkaribie mdudu, inakonda vibaya. Kwa kamera ya sensa kubwa, taswira ya mdudu kwenye sensa ikiwa na ukubwa wake halisi na tundu la lenzi likiwa f/8 (namba hiyo ikipanda, tundu hupungua), unene unaobaki ni kama milimita 1. Mkuze maradufu tena, inabaki kama theluthi ya hiyo. Nyuki ana urefu wa zaidi ya sentimita moja. Simu, kwa kuwa sensa yake ni ndogo, hupata chapati nene kiasi, lakini haiponyoki kanuni hiyo.

Kwa hiyo usihangaike kumsogelea mdudu. Mlaze ndani ya chapati. Kereng'ende akitua kwenye mafunjo, ukimpiga kutoka mbele utapata macho mawili makubwa na mkia uliopotea. Ukiinua simu juu yake, kioo kikiwa sambamba na mabawa, mabawa yote manne na mishipa yake huingia pamoja. Panzi na vunjajungu wapigwe kwa ubavu. Kisha bonyeza skrini kwa muda ili fokasi (ulengaji wa lenzi) ifungwe, na usogeze simu yenyewe mbele au nyuma taratibu.

Wenye kamera kubwa hushawishika kubana tundu la lenzi hadi f/22. Chapati hunenepa kweli, ila mwanga hupungua na picha nzima hulegea, kwa sababu mwanga hutawanyika ukipita kwenye tundu dogo. Mwanga ndio adimu hata hivyo: simu yenyewe humtia mdudu kivuli, na chini ya miti ya msitu wa Kakamega hali ni mbaya zaidi. Tochi ya pembeni iliyofunikwa kwa karatasi nyeupe husaidia, hasa kwa wadudu wenye migongo inayong'aa.

Mkono nao hukuzwa. Fremu ikiwa na upana wa milimita 20, kutikisika milimita 1 tu ni nukta 96 kwenye HD. Egemeza viwiko. Asubuhi na mapema ni bora, kabla upepo wa ziwa haujaanza Kisumu; Nakuru, iliyo juu zaidi na yenye baridi, wadudu huchelewa kuchangamka, ingawa jua likitoka hilo hubadilika upesi. Wapo wanaomtia mdudu kwenye friji ili atulie. Sioni sababu: anaweza kufa, na akitoka anakuwa na matone ya maji.

Usiku, wadudu wa ziwani wakizingira taa za maduka, mistari myeusi ikipanda kwenye video si kosa la lenzi. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Weka fremu 25 au 50 kwa sekunde badala ya 30, kama simu inaruhusu. Taa nyingine za LED hazimeti hivyo, basi jaribu kwanza.

Mabawa ya nyuki ni suala jingine. Hupiga kama mara 230 kwa sekunde, na simu nyingi kwa mwendo wa polepole hurekodi fremu 240. Kwa kuwa namba hizo zimekaribiana, mabawa huonekana yakipiga kivivu, tena kinyumenyume. Kuyaona yakipiga jinsi yanavyopiga kunahitaji fremu elfu kadhaa kwa sekunde, na hizo simu ya mfukoni haina.