Je, wajua kwa nini gari hugoma siku linaporudishiwa boksi lake la filta?

Mtu kanunua Subaru Impreza ya turbo, yaani yenye feni ya kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, iliyokwisha kuchezewa. Boksi jeusi la plastiki la filta ya hewa halipo. Mahali pake pana bomba la alumini linalong'aa na filta ya koni iliyo wazi chini ya boneti. Gari linavuma, vijana kijiweni wanageuza shingo. Baada ya mwaka amechoka na makelele, au anataka kuliuza na mnunuzi hataki mambo ya mashindano. Anatafuta boksi la awali kwa wauza vipuri vya mtumba, anashika bisibisi na spana namba kumi, nusu saa kazi imekwisha. Anawasha: injini inatetemeka, mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda na kushuka, na kesho yake taa ya cheki injini imewaka. Gari limerudishiwa kitu chake chenyewe, mbona linakikataa?

Tuanze na hewa. Petroli huungua sawasawa ikipata takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Ukigeuza hesabu hiyo kuwa lita, lita moja ya petroli inahitaji hewa kama lita 9,000. Kompyuta ya gari haipangi petroli kwa kubahatisha. Baada ya filta kuna sensa yenye waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio unaoiambia kompyuta hewa iliyoingia ni kiasi gani.

Mpango huo una sharti moja: hewa yote ipite kwenye waya ule. Ikipatikana ya kujipenyeza mbele yake, kati ya sensa na injini, kompyuta haina habari nayo. Inatoa petroli ya hewa iliyohesabiwa tu, mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu, gari linamisi. Mashine ya kupimia magari ikionyesha msimbo P0171, ndicho inachosema.

Kwa hiyo boksi lenyewe ni nadra kuwa na kosa. Mimi ningeshuku mpira kwanza. Ule mpira mnene wenye mikunjo, unaopitisha hewa kutoka kwenye boksi kwenda injini, umelala stoo miaka kadhaa, umekakamaa, na nyufa zake zimejificha ndani ya mikunjo. Hutaziona mpaka uukunje kwa mkono. Klipu iliyobanwa nusu nayo inatosha kuleta balaa. Halafu kuna mipira midogo ambayo watu huisahau. Seti nyingi za koni huja na kifilta kidogo cha kupumulia mvuke wa injini, kwa hiyo mpira wa awali wa mvuke ule huzibwa au hutupwa. Ukirudisha bomba la kiwandani, tundu la mpira huo linarudi nalo, na likibaki wazi ni dirisha.

Kwenye Subaru hiyo ya turbo kuna tundu jingine kubwa zaidi. Ukiachia mafuta ghafla, valvu ya kiwandani hairushi nje hewa ya turbo. Huirudisha kwenye bomba, baada ya sensa, kwa sababu imekwisha kuhesabiwa. Aliyefunga valvu ya kupiga "pshhh" hewani huwa ameziba njia hiyo ya kurudi. Anayerudisha boksi la filta lazima aamue: valvu ya kiwandani nayo inarudi, au tundu lake linabaki limezibwa. Kuliacha wazi haiwezekani.

Hata mipira yote ikikaa sawa, kuna suala la kumbukumbu. Waya wa sensa hauoni upana wa bomba. Unahisi tu kasi ya hewa inayoupitia. Ukiihamishia sensa kwenye bomba la koni lenye upana tofauti na la kiwandani, hesabu inapotoka. Kompyuta hugundua kupitia sensa iliyo kwenye bomba la moshi na kujifunza kusahihisha, ikiongeza au kupunguza petroli kidogo kidogo. Siku ya kurudisha boksi, masahihisho yale yangali kichwani mwake. Kwa magari mengi, kutoa waya wa hasi wa betri kwa robo saa huyafuta, au fundi huyafuta kwa mashine, kisha gari huhitaji kuendeshwa siku chache lijifunze upya. Lakini kama kompyuta iliandikwa upya kwa ajili ya koni, betri haitafuta chochote. Hapo ni kurudisha programu ya kiwandani, na mwenye gari la mtumba huenda hata hajui kama iliwahi kubadilishwa.

Sensa yenyewe pia iangaliwe. Filta za koni za pamba hupakwa mafuta ili zinase vumbi. Yakizidi, huhamia kwenye waya na kuufunika. Kuna dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa sensa za hewa. Usiuguse kwa kidole wala kitambaa, hukatika kirahisi mno. Na mshale ulioko kwenye sensa uelekee injini.

Watu wengine hurudisha boksi lakini huacha lile pipa tupu lililounganishwa pembeni mwa bomba, wakidhani halina kazi. Pipa lile hunyamazisha mvumo. Lina kanuni ileile ya chupa ya soda ukiipuliza mdomoni, ila hapa mlio wa chupa hutumika kuua mlio wa injini. Pua ya boksi nayo huvuta hewa ya nje, karibu na grili. Kwenye foleni ya Dar es Salaam, koni iliyo wazi huvuta hewa iliyopikwa na injini, na hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30. Kwa foleni hiyo, nadhani plastiki mbaya inaishinda alumini nzuri.

Gari likikataa bado, liache linanguruma likiwa limesimama, mikono mbali na feni na mikanda, kisha kunja ule mpira mnene taratibu upande huu na ule. Sauti ikibadilika, ufa uko hapo ulipoushika.